Filamu ya Hali Halisi: Uhakiki wa Istilahi Moja

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mezani kwetu, yako yanayojibiwa kwa kufungua kamusi, na yako ambayo kamusi huyazidisha ugumu. Swali lililotoka Majengo, katika Manispaa ya Mpanda, ni la namna hii ya pili. Muulizaji alikuwa akiandaa jioni ya kuonyesha filamu katika kituo cha sanaa cha jamii. Filamu zenyewe si za michezo ya kubuni; ni zile ambazo Wazungu wamezipa jina lenye asili ya Kilatini, nasi wengine hulitamka dokumentari. Alitaka kujua aandike nini juu ya tangazo. Alikuwa amekwisha andika "filamu za hali halisi", akakata. Akaandika "filamu za kumbukumbu", akakata. Akaandika "makala", akakata pia, kisha akatuletea karatasi yenyewe ilivyo.

Tungeweza kumjibu kwa neno moja, maana "filamu ya hali halisi" ndiyo inayosikika zaidi siku hizi katika magazeti na redio, na wafasiri wengi wameipokea bila kuuliza. Lakini mkono uliokata maneno yale matatu ulikuwa na sababu, hata kama mwenyewe hakuieleza. Makala haya yana shabaha ya kuitafuta sababu hiyo, hasa kwa neno la kwanza, kabla halijaingia katika vitabu vya shule na kuwa vigumu kuling'oa.

Tuanze na "halisi". Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, na katika matumizi yetu lina maana ya kitu safi kisichotiwa kingine: asali halisi, dhahabu halisi, samli halisi. Mnunuzi anayeuliza sokoni kama asali ni halisi anauliza kama imechanganywa na maji ya sukari. Sasa tuitazame filamu. Mpiga picha huchagua pa kusimama na pa kuelekeza kamera. Huwasha na kuzima. Akirudi na saa mia moja za picha, mhariri hukata na kuunga mpaka ibaki saa moja na nusu, na sauti ya ndege iliyonaswa asubuhi huweza kuwekwa juu ya picha ya jioni. Hakuna ubaya wowote katika kazi hiyo. Ndiyo ufundi wenyewe. Ila kazi ya kukata, kuunga na kuchanganya, kuiita "halisi" ni kuipa sifa ambayo kwa maana ya neno haiwezi kuwa nayo. Katika orodha nzima ya istilahi zetu za sanaa si rahisi kupata nyingine inayotoa hukumu kabla ya kazi kutazamwa. Hatusemi "riwaya nzuri" kuwa ni jina la aina ya riwaya.

Wapo watakaosema kwamba "hali halisi" hapa ni kinyume cha "kubuni" tu, wala haidai zaidi. Hoja hii ingesimama kama historia ya filamu hizo ingeiunga mkono. Robert Flaherty, Mmarekani aliyepiga filamu ya Nanook of the North mwaka 1922 miongoni mwa Wainuit wa kaskazini ya Kanada, alimpa shujaa wake jina la Nanook ilhali jina lake lilikuwa Allakariallak. Akajengesha nyumba ya barafu ya nusu duara ili mwanga wa kamera upate kuingia. Akawataka watu wawinde kwa mikuki kama babu zao, nao wakati ule walikuwa na bunduki. Miaka minne baadaye, mwaka 1926, Mskoti John Grierson aliandika gazetini juu ya filamu nyingine ya Flaherty, Moana, iliyopigwa Samoa, na hapo ndipo jina la dokumentari lilipoanza kushika katika Kiingereza. Grierson mwenyewe hakudai kwamba filamu hizo ni ukweli mtupu. Alipokuja kuzieleza alisema jambo lililo karibu na hili: kwamba ni mambo ya kweli yaliyopitishwa katika mkono wa msanii. Basi mwasisi wa jina aliuacha mkono wa msanii uonekane, nasi katika kulitafsiri tumeuficha.

Kwamba jambo hili si la wanalugha peke yao, watu wa Mwanza wanajua. Mwaka 2004 mwongozaji Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, ambayo tunaweza kuiita Jinamizi la Darwin. Inahusu sangara wa Ziwa Viktoria, viwanda vya minofu, ndege kubwa za mizigo zinazosafirisha minofu hiyo kwenda Ulaya, na maisha ya watu waliobaki kando ya biashara hiyo. Ilisifiwa sana ng'ambo. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa na ilikuwa miongoni mwa zilizopendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, na Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga. Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, na ugomvi wake na Sauper ukaishia mahakamani.

Hatuna nia ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Linalotuhusu ni namna ubishi ulivyokwenda. Uliulizwa hivi: je, hii ndiyo hali halisi ya Mwanza, au siyo? Aliyeitetea filamu alilazimika kutetea kila picha iliyomo. Aliyeipinga akiona picha moja isiyo sawa aliitupa yote. Katikati hapakuwa na mahali pa kusimama. Lakini yalikuwapo maswali mengi ya maana ambayo mtazamaji wa kawaida angeweza kuyauliza kama angepewa nafasi. Mpiga picha alisimama wapi? Alizungumza na nani, na nani hakuzungumza naye? Ndege zile zilitua na shehena gani, na mwongozaji alilionaje hilo: kwa macho yake au kwa kuambiwa? Maswali haya ni ya kumwuliza mtu aliyetoka safari akasimulia aliyoyaona. Hayaulizwi mbele ya kitu kilichokwisha kuitwa "hali halisi", maana hali halisi haihojiwi. Hukubaliwa au hukanushwa.

Inafurahisha kuona kwamba watu wengi hawakuiita filamu ile kwa jina lake wala kwa aina yake. Waliiita filamu ya mapanki. Neno hilo tutalirudia mwishoni.

"Filamu za kumbukumbu" haitatuchukua muda mrefu. Imetafsiriwa kwa kufuata asili ya Kilatini kupitia "hati" na "waraka", na kwa mtumishi wa Serikali italeta mkanganyiko usio wa lazima. Tanzania Bara ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kila mkutano una kumbukumbu zake, ambazo katibu husoma na wajumbe huthibitisha. Filamu ya kumbukumbu, kwa masikio ya ofisini, ni filamu ya zamani iliyohifadhiwa ghalani. Tunalihitaji jina hilo kwa kazi hiyo hiyo, na si busara kulitumia mara mbili.

"Makala" ndiyo yenye mambo mengi. Vituo vya redio na televisheni vimeizoea, na mtu akisema "jana nilitazama makala ya viboko wa Katavi" haeleweki vibaya. Asili yake ni Kiarabu pia, katika mzizi wa kusema: makala ni jambo lililosemwa. Kwa filamu za aina fulani jina hilo linafaa sana, pengine kuliko wanavyodhani wanaolitumia. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanyika mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment chini ya Meja L. A. Notcutt. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, juu ya ugonjwa wa safura, juu ya kahawa inayolimwa chini ya migomba, juu ya Benki ya Akiba ya Posta na mambo kama hayo. Picha hazikuwa na sauti. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, na lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Nyingi ziliigizwa. Ile ya Benki ya Akiba ilikuwa hadithi ya mtu aliyezika fedha zake zikaibwa, na mwenzake aliyeziweka posta zikasalimika. Watazamaji waliketi nje gizani, picha ikapita kwenye kitambaa cheupe, na sauti ikawaambia maana ya wanachokiona. Hiyo ni makala kwa maana kamili: yamesemwa, nanyi sikilizeni. Picha ilikuwa kielelezo tu, kama michoro katika kitabu cha kilimo.

Sasa linganisha na kazi ya Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania, iitwayo These Hands, yaani Mikono Hii, ya mwaka 1992. Kwa muda wa dakika 45 hivi tunawaona wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wakiponda mawe kwa nyundo katika machimbo ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Hakuna msimulizi. Hakuna mtu anayetueleza kokoto zinauzwa bei gani wala tuwahurumie vipi. Nyundo inapanda na kushuka, mtoto analala karibu na lundo, wanawake wanaimba. Mtazamaji asiyezoea huanza kujinyonganyonga kwenye kiti akingoja sauti ya kuelezea, na sauti haiji. Baada ya muda huacha kungoja, akaanza kutazama. Tunaiona kuwa miongoni mwa filamu bora zilizowahi kutengenezwa nchini kwetu, na haiwezi kuitwa makala hata kidogo, kwa kuwa aliyeitengeneza amekataa kusema. Istilahi inayoiacha nje filamu bora ya aina yake ina kasoro kubwa.

Yumkini kuna jambo zaidi hapo. Tulichelewa kupata televisheni: Zanzibar ilianza mwaka 1974, na Bara ikangoja hadi miaka ya 1990. Kwa miaka mingi filamu zisizo za kubuni ziliwafikia wananchi kwa gari la sinema, na gari lilikuja na bwana wa kipaza sauti. Haishangazi kwamba tumelipa jina la maneno jambo ambalo kwanza ni la macho. Lakini mazoea ya gari la sinema hayafai kuwa sheria ya istilahi.

Na "dokumentari"? Hatuna ugomvi nayo. Imekwisha valishwa irabu mwishoni, inatamkika, na wasemao kwamba neno la mkopo halijielezi wakumbuke kwamba redio nayo haijielezi. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hututaka kwanza kutafuta ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, ndipo tuvuke bahari. Lakini utaratibu huo haujakataza mkopo pale utafutaji unaposhindwa. Hofu yetu kwa neno hili ni ndogo na ni ya kiutendaji tu: mzee wa Majengo akilisoma kwenye tangazo atadhani si lake, abaki nyumbani. Naye ndiye mtu tunayemhitaji ukumbini, kama tutakavyoona.

Tunapendekeza "filamu shuhuda". Msomaji wa magazeti anawajua mashuhuda wa ajali na mashuhuda wa tukio: watu waliokuwapo, wakaona, wakaja kusema. Shuhuda aweza kuwa mkweli na bado akawa hakuona yote, kwa sababu alisimama upande mmoja wa barabara. Aweza kusahau. Aweza hata kusema uongo. Mambo hayo yote yamo ndani ya neno lenyewe, na kwa hiyo neno linaruhusu maswali bila kumtukana aliyeitengeneza filamu. Shuhuda aweza pia kunyamaza na kuonyesha kwa kidole tu. Kwa hiyo wanawake wa Kunduchi wanaingia. Kwa umbo, istilahi hii inafuata njia ya gari moshi, bata maji na askari kanzu, ambapo nomino mbili husimama pamoja bila kiunganishi na ya pili haibadiliki kwa wingi: filamu shuhuda hii, filamu shuhuda hizi.

Tumelijaribu kwanza "filamu ya ushuhuda" na tukaliacha. Katika miji yetu "ushuhuda" umekwisha chukuliwa na makanisa. Tangazo la namna hiyo likibandikwa Majengo, watu watakuja na Biblia. "Filamu ya ushahidi" nayo inanuka polisi. Istilahi yetu ina udhaifu wake. Ziko filamu zilizoungwa kutokana na vipande vya zamani, na aliyeziunga hakuwapo wala hakuona lolote. Kumwita shuhuda ni kumpa asichostahili. Kwa hizo tumependekeza "filamu ya kumbukumbu" ibaki, kwa maana ile ya ghalani. Mwalimu mmoja alituuliza kama filamu ya viboko ni shuhuda. Tunaona ni shuhuda. Picha za viboko waliosongamana katika madimbwi ya mto Katuma wakati wa kiangazi zimepigwa na mtu aliyekaa ukingoni, na mtu wa Mpanda anayejua mto ule anayo haki ya kusema: sawa, lakini mbona hukutuonyesha masika?

Haki hiyo ndiyo inayofanya jioni ya filamu katika kituo cha sanaa cha jamii iwe jambo tofauti na kutazama televisheni nyumbani. Watu wamekaa pamoja, taa zinawashwa, na kuna muda wa kusema. Mpanda si mji usio na mambo yake ya kushuhudia. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa huko mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Katumba ilianzishwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mkoa wa Katavi wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Karibu kila filamu juu ya mambo hayo itakayoonyeshwa pale itakuwa na mtu ukumbini aliyeyaona kwa macho yake. Akiambiwa kwamba anachokitazama ni "hali halisi", anaambiwa kwa adabu kwamba kumbukumbu yake haitakiwi. Akiambiwa kuwa ni shuhuda mwingine, atakaa sawa kwenye kiti na kusikiliza kama mwenzake.

Hapa ndipo mfasiri anapoingia, na wengi wa wasomaji wetu ni wafasiri. Filamu nyingi zitakazofika Majengo zitakuwa na lugha ya kigeni. Maandishi madogo chini ya picha huwafaa vijana wenye macho mazima na wasomao upesi. Kwa wengine anahitajika mtu wa kufasiri kwa sauti. Kazi hiyo tuna mapokeo yake, toka bwana wa gari la sinema hadi wale wa mabanda ya video, ambao maarufu wao kuliko wote alikuwa Derek Mukandala, Lufufu. Lufufu alikuwa msanii kwa haki yake, akiongeza chumvi na vichekesho, na filamu ya Bruce Lee haidhuriki kwa hilo. Filamu shuhuda hudhurika. Mfasiri wake yafaa ajione kama mkalimani wa mahakama kuliko kama mchekeshaji: shahidi akisitasita, naye asitesite.

Tutoe mifano miwili ya pale inapoteleza. Kiingereza kina neno moja ambalo wapiga filamu wa ng'ambo hulitumia kwa kila mahali wanapoishi wakimbizi, na mfasiri asiyeijua Katavi ataandika "kambi". Mkoani humo hakuna asemaye "kambi ya Mishamo". Kambi ziko Kigoma, Nyarugusu kwa mfano, ambako mtu hupewa mgawo wa chakula. Mishamo na Katumba ni makazi. Watu walipewa ardhi, wakalima, wakauza mazao, na kuanzia mwaka 2014 maelfu kwa maelfu walipewa hati za uraia wa Tanzania. Kwa hao hata neno "mkimbizi" ni la kuangalia: kwa picha za mwaka 1985 ni sahihi, kwa picha za mwaka 2016 mara nyingi ni kosa, na kosa lenyewe laweza kumwudhi mtu aliyeketi safu ya pili.

Mfano wa pili ni mapanki yenyewe. Tumewahi kuona yakifasiriwa kuwa "mifupa ya samaki" na mahali pengine "mabaki ya samaki". Yote mawili yanaupotosha ubishi wa mwaka 2006. Mapanki ni kichwa na uti wa mgongo wa sangara baada ya kiwanda kuondoa minofu, pamoja na nyama kidogo iliyoshikilia. Ni kwa sababu ya nyama hiyo kidogo ndiyo maana yanakaushwa, yanakaangwa na kuuzwa. Ukiandika "mifupa", umekwisha amua kwamba watu wanakula kisicholiwa. Ukiandika "mabaki", umekwisha amua kwamba ni taka. Upande mmoja ulisema ni umaskini uliokithiri, upande mwingine ukasema ni chakula cha mifugo au kitoweo cha kawaida; na mfasiri aliyechagua moja ya maneno hayo amejibu swali kabla mtazamaji hajaulizwa. Neno limekwisha kuwapo kando ya ziwa, lina wingi wake na umoja wake, panki na mapanki. Liachwe kama lilivyo, na anayetaka kujua ni nini aitazame picha.